Mgunga wa Jirani na Mayungiyungi ya Mama

Mimi sipendi mti mkubwa. Najua neno hili likitoka kinywani mwa mtu wa Isiolo linasikika kama la kichaa, maana kwetu jua likishapanda hata mbuzi huacha kula wakaenda kutafuta kivuli, na mtu akikuuliza unakaa wapi unamwelekeza kwa mti, si kwa barabara. Wageni wakija kwangu hutazama ua mzima halafu huniuliza, sasa wewe, tukae wapi? Nawaambia tukae ndani. Wakati wa kuaga ndipo huona, chini ya ua, mstari wa majani marefu mapana yaliyolala mchangani, na hapo huniuliza kama kweli niliacha kupanda mti nikapanda vitunguu vya fisi. Si vitunguu. Ni mayungiyungi, na nina sababu.

Baba yangu alikuwa mtu wa milimani, mfanyakazi wa serikali, kazi yake kuchanja ng'ombe na ngamia. Miaka ya sabini ilipoanza alihamishiwa Isiolo, nasi tukamfuata. Tulipanga chumba Wabera, jirani na mzee mmoja Mwislamu ambaye baba yake aliletwa pale na Waingereza akiwa askari, akaishia kupafanya kwao. Mzee alikuwa na kiwanja kirefu, na katikati yake mgunga mkubwa, matawi yametandazwa juu kama mwavuli wa chifu. Baba alimtibia ngamia wake mmoja aliyekuwa amekwisha kukatiwa tamaa. Mzee akampenda. Siku moja alimwita chini ya mgunga, akasimama akiwa ameegemeza mgongo shinani, akanyoosha mkono hadi ua wa miiba ulioko nyuma, akasema: "Huku yangu, huku yako. Jenga, ukae na watoto yako." Wakapeana mikono, dua ikasomwa, chai ikanywewa. Hapakuwa na karatasi. Wakati ule, mtaani kwetu, neno la mzee kama yule lilitosha.

Kwa mama halikutosha. Si kwamba hakumwamini Mzee. Ila huko kwao milimani mpaka hauachwi hewani. Mpaka hupandwa, na hupandwa mmea mmoja tu, yungiyungi la porini, kwa sababu kiazi chake huingia chini sana na hakuna jembe linalokimaliza. Kung'oa yungiyungi la mpakani kwao ni jambo baya kuliko kuiba ng'ombe. Mwizi wa ng'ombe hupigwa yakaisha. Mng'oa mpaka hutengwa, na watoto wake hukosa wa kuwaoa. Basi mama alipanda gari akaenda kwao, akarudi na kiondo kimejaa viazi vya yungiyungi, kila kimoja ukubwa wa ngumi, vina udongo mwekundu ambao watoto wa Isiolo hawakuwahi kuuona.

Alimwomba Mzee awepo, maana mpaka hauwezi kupandwa upande mmoja ukiwa umelala. Mzee alicheka hadi akakohoa. "Mama, hii maua yako itakunywa maji ya watoto," alisema. Lakini alikuja. Ncha moja ya kamba ya katani ilifungwa kwenye mgunga, na ncha ya pili aliishika Mzee mwenyewe kule uani, akaivuta ikanyooka. Mama alichimba akifuata kamba, mimi nikimpa kiazi kimoja kimoja kutoka kiondoni. Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka Mzee akiwa amesimama juani na kamba mkononi, kofia yake nyeupe, akinikonyeza jicho kana kwamba sote wawili tunamvumilia mama.

Kwa miaka mingi baadaye, ungeniuliza nichague, ningechagua mgunga bila kufikiri. Ulikuwa ndio maisha. Chini yake watu waliswali, wanawake walisukana, mafundi walifungua injini, ngamia walilala, na sisi watoto wa pande zote mbili tulicheza hadi tukaitwa kwa majina ya kutukanwa. Kivuli chake kilihama: asubuhi kilikuwa upande wa kwa Mzee, mchana kilikusanyika shinani, na alasiri kilikuja kwetu, hatua kwa hatua, hadi mlangoni mwa jiko la mama. Tulikingoja kama mgeni mwenye peremende.

Mayungiyungi je? Hayakuwa kitu. Kuku waliyachakura, mbuzi waliyaonja wakatema, sisi tuliyakanyaga. Kiangazi kikija yalikauka yakapotea kabisa, ungeapa hapajapandwa kitu. Mvua ikinyesha yalitokea, yakatoa maua meupe yenye mistari ya waridi, yakanukia jioni chache, basi. Mama hakuyamwagilia maji hata siku moja. Hakuchuma ua, na mtoto aliyechuma alifinywa sikio hadi akaona nyota. Majirani waliyaita vitunguu vya Mameru, yaani sisi watu wa milimani, wakicheka. Mimi pia nilicheka.

Kisha Mzee alifariki, na baba naye, kwa homa ya siku chache tu, hata mwaka haukupita. Nilikuwa sijamaliza shule. Mama alibaki na watoto watatu, nyumba ya udongo ya vyumba viwili, jiko, na kibanda cha kuni ambacho baba alikibandika ubavuni mwa jiko, wakati mmoja mama alipokwenda kwao kumzika mama yake. Huko milimani ndugu za baba walikwisha kugawana shamba lake siku za matanga, hata kabla hatujanyoa nywele. Kwa hiyo ieleweke vizuri: hatukuwa na pengine pa kwenda. Kiwanja kile ndicho kilikuwa chetu, chote tulichokuwa nacho duniani.

Mwana wa Mzee alikuwa ameendesha malori ya watu miaka mingi, barabara ya Moyale, na sasa alirudi na lake. Lori lilihitaji mahali pa kugeukia. Kwanza lililala chini ya mgunga. Halafu mkia wake ukawa juu ya mstari wa mama. Halafu utingo wakaanza kukalia mawe yetu ya kufulia, wakitafuna miraa na kutema. Mama alifua mapema zaidi, akanyamaza. Mimi sina hulka ya kunyamaza, na kila nilipofungua kinywa mama alinitazama tu, nikakifunga.

Alasiri moja mwenye lori alikuja mlangoni mwa jiko. Hakuwa mtu mbaya wa sura, na alitoa salamu kwa adabu.

"Salaam aleikum, Mama."

"Habari yako, mwanangu."

Alionyesha chini kwa kiatu. Kivuli cha mgunga kilikuwa kimefika kizingitini. "Mama, hii mti ilipandwa na babu yangu. Mwenye mti ndiye mwenye kivuli, kila mtu hapa anajua. Baba alikupatia nyinyi shamba, sawa, lakini hakuna mtu anaweza kupeana kivuli ya baba yake. Mahali kivuli inafika, ni ya kwetu. Jiko iko ndani. Nyumba pia, kidogo."

"Kivuli hutembea," mama alisema. "Asubuhi kiko kwako. Hiyo asubuhi, jiko ni la nani?"

Alicheka kidogo, akaondoka. Nilifikiri mama amemshinda. Sikujua kwamba mtu aliyeshindwa kwa maneno hurudi na jembe.

Jumapili iliyofuata tulitoka kanisani tukakuta mstari wote umechimbwa. Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, majani yalikuwa yameanza kunyauka, na utingo walikuwa wameyang'oa, wakayarundika kando, wakasawazisha udongo vizuri kama watu wanaofanya kazi ya heshima. Lori lilikuwa limeegeshwa juu yake. Nilipiga kelele nikamwita mwenye lori majina ambayo hadi leo sijui nilijifunza wapi. Alitoka nyumbani akiwa ameshika kikombe, amestaajabu kweli.

"Ni maua tu," alisema. "Nitakununulia ingine. Kwa nini unalia kama mtu amekufa?"

Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba hakujua. Kwake yeye alikuwa amesafisha uwanja. Mti angeuheshimu, mtu akigusa tawi la mgunga ule angemkaba koo. Lakini kitu kilichofika kwenye kifundo cha mguu, kisichotoa kivuli wala tunda, kingewezaje kuwa mpaka? Mama alipiga magoti karibu na gurudumu, akaingiza mkono katika udongo uliolegea hadi kiwiko, akapapasa kwa muda mrefu. Kisha akautoa, akashindilia udongo kwa kiganja, akaenda kuwasha moto.

Kesi ilipelekwa kwa chifu, chifu akaita wazee wa mtaa. Na kikao kiliwekwa wapi? Chini ya mgunga, bila shaka, maana ndipo palipokuwa na kivuli. Wazee walikaa kwenye mkeka, wakaletewa chai na mke wa mwenye lori. Mama alialikwa asogee, aketi. Hakusogea. Aliweka kigoda chake juani, nje kabisa ya kivuli, akakaa hapo na leso kichwani, kijasho kikimtiririka, kwa sababu alijua akishaketi pale na kunywa ile chai atakuwa amekubali ni ya nani. Nilisimama nyuma yake nikiungua, nikiwachukia wote.

Shahidi alikuwa mmoja, mzee aliyekuwapo siku ya dua. Aliulizwa anakumbuka nini. Alikumbuka chai. Alikumbuka ilikuwa na tangawizi, na kwamba sukari ilikuwa nyingi, Mungu amrehemu Mzee, hakuwa mchoyo. Mpaka? Hapo alitazama juu kwenye matawi kama mtu atakayesaidiwa na ndege. Wengine walitikisa vichwa. Mwenye lori akasema maneno yake ya kivuli, na niliona yanawaingia, maana hata mimi, kama singekuwa mtoto wa mama yule, yangeniingia. Mti ulikuwa juu yetu, mkubwa, unaonekana. Upande wetu tulikuwa na nini cha kuonyesha? Udongo uliosawazishwa, na matone ya mafuta ya lori.

"Mama, wewe unasema nini?" chifu aliuliza.

"Mimi sina maneno mingi," mama alisema. "Ngojeni mvua."

Walicheka, si kwa ubaya. Chifu alimweleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba hayo maua yameng'olewa, yeye mwenyewe ameona. Mama alirudia neno lake lile lile. Mwishowe, nadhani kwa kuona haya kumfukuza mjane juani, walikubaliana. Mpaka mvua inyeshe, mtu asijenge wala asichimbe. Mvua ikishanyesha na kusiwe na kitu, jiko litabomolewa na tutarudi nyuma hadi kivuli kinapoishia. Tulipokuwa tukitembea kwenda nyumbani nilipima kwa macho. Kilichobaki kingetosha kitanda na mlango.

Na mvua haikuja. Ule ndio mwaka ambao watu wetu hawapendi kuuzungumzia, katikati ya miaka ya themanini. Mvua ndefu ilipita bila kushuka. Ng'ombe waliletwa mjini wakitembea kama wamelewa, na wengine hawakuinuka tena. Watu walitoka Kinna wakasema hata kule kwenye mifereji maji yamekonda. Mgunga peke yake ulibaki kijani. Ulidondosha makokwa yake, maganda yenye mbegu, mchangani, na mbuzi wa mtaa mzima waliletwa kuyala. Mwenye lori hakumzuia mtu. Kila siku watu walimwombea dua, yeye na mti wake, na kila siku lori lilipita juu ya mstari wa mama, likienda na kurudi, likishindilia udongo ukawa kama sakafu. Mama alitukataza kuokota hata kokwa moja. Mbuzi wetu wawili waliusikia ule mlio wa wenzao wakitafuna, wakalia usiku na mchana, na mmoja akafa.

Nilimgeukia mama. Nilimwambia waziwazi kwamba mayungiyungi yamekufa, kwamba hata jiwe lingekufa, kwamba afadhali tumwombe mwenye lori atuachie jiko kwa hisani.

"Hisani ya nani?" aliuliza. "Akikupa kwa hisani leo, kesho atakuomba shukrani. Keshokutwa atakuomba jiko."

"Na yasipoota?"

Aliendelea kuchambua maharagwe, na niliona vidole vyake vinatupa yale mazuri pamoja na mabovu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa kuwa nilitambua kwamba naye anaogopa.

Mvua fupi ilikuja ghafla, alasiri, na harufu ile ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau. Watoto walivua nguo wakakimbia barabarani. Mama alisimama mlangoni mwa jiko na hakutazama mbinguni. Alitazama chini ya lori. Kesho yake hapakuwa na kitu. Wala siku iliyofuata. Mwenye lori alikuwa akitoka swala ya alfajiri anakuja kusimama upande wake wa uwanja, mikono nyuma, akitazama udongo. Mimi nami nilitoka kusimama upande wangu. Hatukusalimiana. Tulitazama ardhi kama watu wawili walioangusha shilingi moja.

Jani la kwanza aliliona yeye. Lilikuwa baina ya njia mbili za magurudumu, limepasua gamba la udongo likalinyanyua kama kifuniko cha sufuria. Aliinama. Nilimwona akinyoosha mkono, nami nilikuwa mbali. Ni kitu cha kung'oa kwa vidole viwili tu. Alilishika, akaliachia. Akasimama, akatazama huku na huku, akaniona. Kisha akaenda kuchota maji na kuanza kuosha lori lake ambalo halikuwa chafu. Sijawahi kujua ni nini kilichomzuia. Baada ya hapo yalitoka mfululizo, moja, jingine, jingine, mstari ulionyooka kama ile kamba bado ipo na Mzee bado ameishika.

Wazee walirudi. Safari hii hawakukaa. Walianzia shinani mwa mgunga wakafuata majani, chifu mbele, hadi wakafika kwenye jiko letu, na pale mstari ukapita pembeni mwa ukuta, upande wa mwenye lori, kama mama alivyosema siku zote. Jiko lilikuwa letu. Yule shahidi akakumbuka ghafla kwamba kulikuwa na kamba, tena ya katani, na alikuwa ameisema hata siku ile! Nilitaka kucheka na kulia. Nilimshika mama mkono.

Mkono wake ulikuwa baridi. Alikuwa anatazama kibanda cha kuni.

Kwenye kibanda mstari ulikoma. Majani yalifika ukutani, na upande wa pili, karibu na ua wa miiba, yakaendelea. Wazee walikuwa wameridhika, wameanza kurudi nyuma kwenda kunawa miguu. Hakuna aliyeuliza. Mwenye lori mwenyewe alikuwa amekwisha inamisha kichwa. Mama aliachia mkono wangu, akaingia kibandani, nikasikia anatupa kuni kando, moja baada ya nyingine.

"Njooni muone," aliita.

Nilimfuata kwanza nikamnong'oneza, karibu kwa hasira, "Mama, nyamaza. Kwisha sasa. Tumeshinda."

Chini, pale kuni zilipokuwa zimelala miaka yote, lilikuwa limetoka yungiyungi moja. Halikuwa na rangi. Lilikuwa jeupe kwa kukosa jua, jembamba, limejikunja kutafuta mwanga. Karibu nalo la pili. Mstari ulipita katikati ya kibanda. Nusu ya kile alichojenga baba ilikuwa upande wa jirani. Kama mama alilijua hilo kabla, au hakutaka kulijua, sikumuuliza, na sasa amekwisha lala kaburini, siwezi kumuuliza.

Chifu alikuna kichwa. Wazee walitazamana. Mama alikuwa tayari ameshika jembe, na pigo la kwanza likatoa donge la udongo ukutani.

"Mama, acha," mwenye lori alisema. Alikuwa amekuja karibu sana, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Acha ikae. Ni kuni tu. Mimi nimekubali."

"Leo umekubali wewe," mama alisema bila kugeuka. "Mtoto wako atakubali?"

Alibomoa mwenyewe. Tulipotaka kumsaidia alitusukuma. Ukuta wa kibanda ulikuwa ndio pia ukuta wa ubavu wa jiko, kwa hiyo vyote viwili vilianguka pamoja, na vumbi liliposhuka tulikuwa na jiko la kuta tatu, na yale mayungiyungi mawili meupe yalikuwa juani kwa mara ya kwanza.

Nilimkasirikia hadi jioni. Upepo uliingia ukapeperusha majivu kwenye uji, na mama alikoroga kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimekaa nimempa mgongo, natazama nje kupitia pale palipokuwa na ukuta, na ndipo nikaona lori linawashwa. Lilikuwa linarudi kinyumenyume kutoka kwenye mstari, taratibu sana, gurudumu kwa gurudumu. Nyuma yake alikuwa mke wa mwenye lori, ameshika pindo za buibui lake zisiguse tope, anatembea akitazama chini, mkono mmoja umeinuliwa. "Njoo," alikuwa anasema. "Njoo. Njoo kidogo. Simama! Hapo kuna moja."